Aliyefahamika kwa Jina Moja

Msomaji wa magazeti yetu anaijua sentensi hii hata ukimwamsha usiku wa manane: "Mtu mmoja aliyefahamika kwa jina moja la Fulani, mkazi wa kijiji ambacho hakikufahamika mara moja, amefariki dunia baada ya kuangukiwa na gogo." Mahali pa gogo weka kifusi cha duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Chunya. Weka lori lililokatika breki Mlima Nyoka, utingo akabaki chini yake. Weka jukwaa la mirunda lililoporomoka kwenye jengo la ghorofa Mbeya mjini. Sentensi ni ileile. Tunaisoma, tunasema "maskini", tunahamia habari za Simba na Yanga.

Mimi niliiona ikizaliwa.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikwenda Mafinga kununua mbao za kenchi. Ulikuwa ule wakati wa baridi ambapo ukungu haujaondoka hata saa nne asubuhi, na vijana wa kupakia wanavaa majaketi mawili ya mitumba pamoja na kofia ya sufi. Nilipofika kwenye uwanja mmoja wa magogo nilikuta kazi imesimama. Ding'dong, ile mashine ya kupasulia mbao, imezimwa. Watu wamejikusanya bila kusema, na kando ya Fuso lililopakiwa nusu kulikuwa na gambuti moja la kijani, limelala ubavu kwenye maranda. Kijana alikuwa ameshakimbizwa hospitali nusu saa kabla. Hata hao waliombeba walijua kwamba hawambebi mtu aliye hai.

Polisi alipofika aliuliza jina kamili. Msimamizi alichukua daftari la kaunta lililokuwa limening'inizwa kwa waya kwenye nguzo ya kibanda, akafungua ukurasa wa siku ile. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasoma naye: "Makete – gari 2." Basi. Makete ni wilaya aliyotoka. Gari 2 maana yake ni kwamba tangu alfajiri alikuwa ameshapakia magari mawili, kwa kuwa wanalipwa kwa gari. La tatu, lile lililomuua, halikuwa limeandikwa.

Simu yake ilikuwa na nywila. Mchana mzima iliwekwa juu ya meza ya kibanda, imechomekwa kwenye chaji, wakisubiri mtu yeyote ampigie. Msimamizi aliniambia baadaye: "Kaka, tulikuwa tunaomba iite. Ilipoita, saa moja usiku, hakuna aliyetaka kuipokea." Alikuwa dada yake, anauliza kama ile hela ya mbolea itapatikana wiki hii.

Kuna jambo jingine nililiona siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike. Fuso lile lilikuwa na karatasi. Huwezi kusafirisha mazao ya misitu nchi hii bila kibali. Kwenye kibali kuna aina ya mti, idadi, ujazo, ulikotoka mzigo na unakokwenda, namba ya gari na jina la mwenye mzigo. Maofisa wa misitu wana nyundo zao za kugonga alama. Vizuizi viko njiani, na pale gari linasimamishwa, magogo yanahesabiwa. Haya yote ni mema. Bila hayo msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote ya serikali, ungekuwa umekwisha zamani. Lakini fikiria. Lile gogo la msindano lilikuwa na asili, na safari yake ilijulikana mpaka mwisho. Mtu lililomlalia alikuwa na jina la wilaya na tarakimu moja.

Tunapozungumza juu ya kuwakumbuka wafanyakazi waliofia kazini, mawazo hukimbilia mnara, shada la maua, dakika ya kusimama kimya. Mimi nadhani tunaanza mwishoni. Mfanyakazi hukumbukwa au husahaulika siku anayoanza kazi, saa ile mtu anaposhika kalamu au asipoishika. Asiyeandikwa akiwa hai hana pa kuandikwa akifa. Polisi hana la kujaza, gazeti linapata jina moja, mkaguzi wa usalama hapati taarifa, na mama yake hapati senti ambayo sheria imemwekea.

Na sheria imemwekea kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Vitu vya kwanza kutajwa, kabla ya mshahara na kabla ya saa za kazi, ni jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia. Anwani ya kudumu! Yaani waliotunga sheria walijua kwamba mtu hutoka mahali, na kwamba kuna siku atatakiwa kurudishwa huko. Wakaongeza kwamba shauri likifika kwenye vyombo vya sheria na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwelemea yeye. Lakini kifungu hichohicho kimeacha mlango: hakimhusu mtu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi kwa siku zisizofika sita kwa mwezi. Anayeijua Mafinga anajua nani anapita kwenye mlango huo. Jumatatu kijana yuko uwanja huu, Jumanne anaitwa kule, Jumatano hakuna gari, Alhamisi anakwenda kuangusha miti kwa mzee fulani mwenye shamba lake. Kwa mwezi amefanya kazi siku 25, na kila mwenye kazi atakuambia, tena bila kusema uongo, kwamba huyu si mtu wangu.

Upande wa fidia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko ulioanza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya tangu enzi za mkoloni, yenye viwango vya shilingi vilivyoachwa palepale mpaka vikawa havinunui hata jeneza. Mfuko huu mpya unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Unalipia matibabu, unalipia msaada wa mazishi, na mfanyakazi akifariki unawalipa pensheni mjane na watoto. Ni sheria nzuri, na nimeona familia iliyosomesha watoto kwa pensheni hiyo. Haikujenga ukuta kati ya mwajiriwa wa kudumu na kibarua. Inamtazama mtu anayemfanyia mwingine kazi kwa mikono yake. Lakini ili mlango ufunguke lazima mtu aseme: huyu alikuwa wa kwangu, alikuwa kazini, na hili ndilo lililotokea. Sentensi hiyo ndiyo isiyopatikana.

Badala yake hupatikana rambirambi.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nadhani ndiko tunakokosea zaidi, na tunakosea kwa moyo mwema. Mwenye uwanja ule hakuwa mtu mbaya. Alinunua jeneza. Alitoa gari la kupeleka mwili mpaka Makete kupitia Makambako na Njombe, akatoa mafuta, gunia la mchele na shilingi laki tatu mkononi mwa baba mdogo wa marehemu. Msibani alitajwa kwa jina, kamili, mara mbili, na watu wakashukuru kwa dhati. Kisha mezani ikatoka karatasi moja ya kuandikwa kwa mkono, kwamba familia imepokea mkono wa pole na haina madai yoyote. Baba mdogo akasaini. Angekataaje? Mtu amekuletea mwanao nyumbani kwa gari lake, amekaa kwenye mkeka wako, amekula ugali wa msiba wako. Kwa desturi zetu ukimdai mtu wa namna hiyo wewe ndiye unayeonekana huna utu.

Hivyo ndivyo wema unavyoifunika haki. Rambirambi hutolewa na mtu anayependa kutoa, kwa kiasi anachopenda, kisha hushukuriwa. Fidia haitegemei mapenzi ya mtu, na hakuna anayepaswa kuipigia magoti. Zaidi ya hayo, fidia huacha maandishi: nani alikufa, wapi, kwa chombo gani, saa ngapi. Ukilipa rambirambi mia moja hutajua kamwe kama vijana mia moja walikufa kwa namna moja, kwa kosa moja, ambalo lingezuiwa kwa kigingi cha shilingi elfu kumi. Historia fupi ya marehemu iliyosomwa pale Makete ilisema alizaliwa, alisoma, "na hadi mauti yanamkuta alikuwa akijishughulisha na shughuli zake binafsi Mafinga." Shughuli zake binafsi. Hata kaburini aliingia bila mwajiri.

Halafu huja msemo wetu: ajali haina kinga. Nimeusikia kwa wachungaji, kwa wenyeviti wa vijiji, kwa wajane wenyewe. Nauelewa, ni neno la kumfariji mtu asije akajiua kwa kujilaumu. Lakini ukitoka msibani ukaingia kazini huwa neno la hatari. Gogo lile lilichomoka kwa sababu ubavu wa gari haukuwa na nguzo za kutosha kuyashika yaliyotangulia, na vijana walikuwa wamesimama upande wa chini wa mteremko wakisukuma kwa mabega. Kinga ilikuwepo, ilikuwa kusimama upande wa juu na kutumia kamba. Muulize mwangushaji miti yeyote aliyefundishwa: kabla hajawasha msumeno anaangalia mti umeegemea wapi, anasafisha njia ya kukimbilia, na hamruhusu mtu mwingine kukaa ndani ya umbali wa urefu wa mti huo mara mbili. Mti ukikwama juu ya mwenzake, hapiti mtu chini yake. Ni maarifa ya kawaida kabisa. Yanavunjwa kwa sababu malipo ni ya kipande, na dakika kumi za kusafisha njia ya kukimbilia ni dakika kumi zisizolipwa.

Neno hilo, kipande, lina umri mrefu huku kwetu. Babu zetu wa Kibena, Kikinga, Kihehe na Kinyakyusa walioshuka kwenda mkonge Tanga na Morogoro walipewa kadi iliyoitwa kipande, ikawekwa alama kila siku waliyomaliza kazi mpaka zitimie siku 30. Walipewa pia namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walichukuliwa na Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodini, kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, wakarudi Tukuyu na Mbeya na bati za kuezekea na kikohozi ambacho hakuna aliyekiita ugonjwa wa kazi. Wapo ambao hawakurudi. Kwenye koo nyingi za huku ukichora mti wa ukoo utafika kwenye tawi moja, wazee watakuambia, "Huyu alikwenda manamba," na hapo hadithi imekwisha. Hajulikani alikufa lini wala alizikwa wapi. Alikuwa namba, na namba ikafutwa.

Najua uhuru ulikuja na mambo yakabadilika. Lakini tazama reli ya TAZARA, kazi tuliyoifanya tukiwa huru na kwa fahari kubwa. Kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, zilizojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kipande kigumu kuliko vyote ni cha huku: kutoka Mlimba, bonde la Kilombero, kupanda hadi Makambako, madaraja na mahandaki mfululizo, mlima umekatwa kama mkate. Wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi wa reli ile, na wale waliozikwa nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, wana makaburi yenye majina. Kila mwaka watu wa ubalozi wao huenda kuweka mashada. Nawaheshimu kwa hilo. Hivyo ndivyo taifa linavyopaswa kumtendea mtu aliyekufa akilifanyia kazi. Lakini pembeni ya kila Mchina kulikuwa na Watanzania na Wazambia kadhaa, makumi ya maelfu kwa jumla, na mlima ulipoanguka haukuchagua. Nimesafiri kwa treni ile mara nyingi, nimeshuka Makambako, nimesimama stesheni ya Mbeya nikisubiri saa na saa. Jiwe lenye majina ya wa kwetu sijaliona.

Tofauti moja ipo katika mkoa wa Iringa, nayo inafundisha. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi mkoani, aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Umoja wa klabu za waandishi ukaanzisha tuzo ya ujasiri yenye jina lake. Tunamkumbuka Mwangosi kwa majina yote mawili, kwa tarehe, kwa kijiji. Kwa nini? Kifo chake kilikuwa cha kutisha, ni kweli, na wenzake walikuwa na kamera. Ila naona sababu nzito kuliko hizo: alikuwa na chama. Alikuwa na wenzake waliojiita kitu kimoja, wenye ofisi, mihuri na daftari la wanachama, na walipompoteza walijua nani amepotea. Mpakiaji wa magogo hana klabu. Utingo hana. Mchimbaji mdogo anacho chama, lakini mara nyingi chama hicho ni cha wenye leseni na wenye maduara, si cha yule anayeteremshwa kwa winji.

Chunya ina mambo yake. Dhahabu ya Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920, na tangu hapo ardhi ile imemeza watu wengi. Masika ikinyesha udongo unalewa maji, na matimba ya kuzuia kuta za shimo, yaliyopigwa kwa miti mibichi, hayashiki. Kifusi kikishuka tunakimbia na majembe, wakati mwingine tunawahi. Lakini kuna kifo kingine cha Chunya ambacho hakina mbio. Ni cha yule kijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe, anayepumua vumbi la mawe miaka kumi, na yule anayechoma zebaki kwenye kikaango nyuma ya nyumba. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, na kati yao milioni 2.6 hawafi kwa ajali bali kwa maradhi. Kwa kila mmoja tunayemsikia redioni, wapo kama wanane waliokwenda kimyakimya, nyumbani, na jirani akasema ni TB au amerogwa.

Dunia imetenga tarehe 28 Aprili kwa ajili ya watu hawa. Vyama vya wafanyakazi vya Kanada ndivyo vilivyoanza, mwaka 1984, na walichagua tarehe hiyo kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1914 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yake ya fidia. Napenda uchaguzi huo. Hawakuchagua siku ya maafa makubwa, walichagua siku ya karatasi. Kwetu Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi huiadhimisha kwa maonyesho na mafunzo, na siku tatu baadaye inakuja Mei Mosi. Mwaka 2018 Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika Iringa, mwaka 2019 ikaja Mbeya. Niliona fulana, maandamano, wafanyakazi hodari wakipewa zawadi, na nilifurahi pamoja nao. Lakini hatuna ile saa ambapo mtu anasimama na karatasi na kusoma: mwaka huu, katika mkoa huu, wamefia kazini hawa. Jina la kwanza, la pili, la ukoo, kijiji, kazi aliyokuwa akiifanya.

Karatasi hiyo haiwezi kusomwa kwa kuwa haipo. Na ili iwepo haihitaji wafadhili. Kama gari la magogo haliwezi kuvuka kizuizi bila kibali, basi kibali hicho kinaweza kuwa na ukurasa wa pili wenye majina kamili ya waliopakia. Mwenye duara asiyeweza kuteremsha mtu bila baruti kuandikwa anaweza pia kumwandika huyo mtu. Mlango ule wa siku sita unaweza kufungwa na Bunge kwa marekebisho ya mstari mmoja, angalau kwa kazi ambazo kila mtu anajua zinaua. Nimeambiwa kwamba mambo haya yatawaongezea usumbufu wafanyabiashara wa mbao. Nimesimama kwenye uwanja wa wafanyabiashara hao nikaitazama simu ikichajiwa juu ya meza kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja usiku, na ninajua usumbufu ni nini.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipita tena pale. Msimamizi ni yuleyule. Daftari ni jipya, waya ni uleule. Akanionyesha, bila mimi kumuuliza, kwamba kila ukurasa sasa ameuchora kwa rula safu ya tatu, na juu yake ameandika "Nyumbani". Hakuna aliyemwagiza. Safu haijajaa. Aliniambia vijana wengine hukasirika wakiulizwa. Wanaona anawatabiria mabaya asubuhi asubuhi, kabla hata ya chai. Nilipokuwa bado nimesimama pale akaja mgeni, kijana wa miaka kama 20 hivi, akaamkia, akataja jina lake la kwanza. Msimamizi akasubiri. Kijana akataja na la pili. "Na kwenu tumpigie nani?" Kijana alitazama chini kidogo, kisha akaanza kuitaja namba ya mama yake taratibu, tarakimu moja moja, bila kuitoa simu mfukoni.